NIMEPOKEA MZIGO WANGU

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Lushoto
Tarehe: 19 Agosti 2024
Jina la shahidi: Yudith Zabron Shekiondo
Umri: Miaka 37
Kabila: Msambaa
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mwalimu wa chekechea
Makazi: Kijiji cha Malindi, Wilaya ya Lushoto
Mlalamikaji: Hawa Saidi wa Malindi

Mimi ndiye mwenye jina lililoandikwa hapo juu. Naishi Malindi na watoto wangu wawili. Mume wangu, Paskali, anafanya kazi kwenye shamba la chai huko Kwamkoro, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nafundisha chekechea ya usharika wetu, na wazazi wengi wananifahamu. Mtu akipata ujumbe wa benki au karatasi ya hospitali asiyoielewa, huniletea nimsomee.

Leo nimeitwa kituoni na Koplo Scholastica ili nithibitishe kwamba niliagiza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa wauzaji wa mtandaoni wanaojiita Totoa Mashine, na kwamba mashine yangu ilifika. Jirani yangu Hawa Saidi ndiye aliyewaambia polisi hivyo alipokuja kulalamika kuwa wauzaji hao wamemtapeli. Aliwaambia hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Mashine yangu haikufika. Sijawahi kuiona.

Niliposema hivyo, Koplo alinisimamisha. Alinieleza kuwa nimeitwa kama shahidi, na kwamba silazimiki kusema jambo ambalo linaweza kutumika dhidi yangu baadaye. Aliniuliza kama nataka kwanza kuzungumza na ndugu au wakili. Nilimjibu kuwa nataka kuendelea, maana nikitoka nje nitapata tena sababu ya kunyamaza.

Mnamo tarehe 3 Juni 2024, jioni, nikiwa nyumbani, niliona kwenye simu tangazo la mashine hizo. Ilionyeshwa mashine nyeupe yenye kioo, ndani mna trei za mayai, na vifaranga wakitoka. Bei ilikuwa laki nne na themanini. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati. Paa la jiko letu limetoboka, na Paskali alikuwa ameniachia fedha hiyo ninunue mabati hapa Lushoto kabla ya mvua za vuli. Nilifikiri mashine ikija nitatotolesha, nitauza vifaranga, nitanunua mabati, na fedha nyingine ibaki. Nilipanga Paskali akija akute kuku wanalia uani. Sikumwambia.

Nilituma fedha yote kwa mara moja siku iliyofuata. Waliniandikia, "Hongera mwalimu, mzigo unatoka Dar leo usiku." Mzigo haukuja. Wakasema umekwama Segera kwa sababu ya gari bovu. Baadaye wakasema unatakiwa kulipiwa bima, nikatuma tena elfu arobaini. Halafu wakaacha kupokea simu.

Nilipiga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri. Alisema fedha ilishatolewa kwa wakala, na kwamba niende polisi nikachukue namba ya taarifa ili waweze kufuatilia ile laini. Kwa hiyo nilijua cha kufanya mapema kabisa. Nilishuka hadi hapa Lushoto, nikafika kwenye geti la kituo hiki. Kwenye benchi lile la nje alikuwa amekaa mama mmoja wa usharika wetu, sijui alikuwa na shida gani. Aliniona, akaniamkia, akaniuliza, "Mwalimu, una nini huku?" Nilimjibu kuwa napita tu naelekea sokoni. Nikaenda sokoni kweli, nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikarudi nyumbani.

Usiku huohuo niliwaandikia wale wauzaji ujumbe mrefu wa kuwaomba wanirudishie fedha yangu. Nilitaja watoto. Nilitaja mabati. Kesho yake nilipigiwa simu na mwanaume aliyejitambulisha kuwa ni Edgar wa kitengo cha marejesho. Alikuwa na sauti ya upole, na kila sentensi aliniita mwalimu. Alisema fedha yangu ipo, ila wateja wanaodai ni wengi na wanalipwa kwa foleni, na kwamba mteja anayetoa ushuhuda mzuri kwenye ukurasa wao husogezwa mbele.

Nilimuuliza, "Nitatoaje ushuhuda wa kitu ambacho sijakipata?"

Alijibu, "Mwalimu, kukipata utakipata, au utapata fedha yako. Huo si uongo, ni kutanguliza tu."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Nilijua kuwa ni uongo. Nafundisha watoto wa miaka mitano, na hata wao wanajua. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Mume wangu si mtu wa kupiga wala kufoka. Akikasirika hunyamaza, na anaweza kunyamaza likizo yake yote mpaka siku ya kurudi kazini. Hilo ndilo nililoliogopa.

Mnamo tarehe 24 Juni, mchana, nilikwenda dukani kwa Clemence, pale karibu na kanisa, nikaomba boksi tupu. Alinipa boksi la sabuni. Niliwatuma watoto kuchota maji. Nikaliweka boksi juu ya meza, nikaligeuza upande usio na maandishi, nikalifunga kamba kama mzigo uliotoka safari. Nikavaa gauni langu la Jumapili. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikapiga picha nimeweka mkono juu ya boksi na ninacheka. Nilipiga mara nyingi, kwa sababu picha za kwanza sikuwa nacheka vizuri.

Niliiweka picha hiyo kwenye ukurasa wao na kuandika: "Nimepokea mzigo wangu salama. Mashine ni nzuri sana, asanteni kwa uaminifu." Edgar alinipigia akanisifu, kisha akaniomba niongeze jina langu na mahali ninapoishi, akisema watu huamini zaidi wakiona mahali. Nikaongeza: "Mwl. Yudith, Malindi, Lushoto." Simu yangu nimemkabidhi Koplo, na maneno hayo bado yapo.

Fedha haikurudi. Nilipouliza, Edgar alisema foleni inasogea. Paskali alipokuja nilimwambia mabati yamepanda bei, tusubiri. Alisema, "Sawa," akapanda juu ya jiko na kuziba matundu kwa nailoni. Nilimshikia ngazi.

Sasa naeleza kuhusu Hawa Saidi.

Hawa ni jirani yangu. Ni mjane mwenye umri wa miaka hamsini na ushee, mkulima wa kabichi na karoti, na nyumba yake iko mteremkoni, chini ya yangu. Namwita Dada Hawa na humwamkia shikamoo. Anaishi na binti yake Rehema aliyemaliza kidato cha nne. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, Paskali akiwa kazini, Hawa ndiye aliyelala kwangu wiki nzima akinipikia uji. Shamba lake liko juu sana, na tangu mwaka jana magoti yake hayapandi tena. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na alikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba.

Mnamo tarehe 11 Julai, saa kumi na mbili jioni, Hawa alikuja nyumbani kwangu akiwa na Rehema. Aliniletea maziwa kwenye kopo. Rehema alikuwa ameona picha yangu kwenye simu yake.

Hawa aliniuliza, "Mwalimu, mbona una mambo mazuri huniambii? Ile mashine ilikuja kweli?"

Nilikuwa nimeshika lile kopo la maziwa. Edgar alikuwa ameniahidi siku hiyohiyo kwamba kesho yake nitalipwa, na alikuwa ameniambia kuwa mteja atakayeharibu jina la duka, faili lake linafungwa. Nilifikiri kuhusu kesho yake. Nikajibu, "Ilikuja, dada."

Akasema, "Basi nionyeshe na mimi niione."

Nikamwambia kuwa haipo nyumbani, Paskali ameipeleka Kwamkoro kwa fundi aifungie betri ya sola, kwa kuwa umeme wetu unakatika. Maneno hayo sikuwa nimeyapanga. Yalitoka yenyewe, na yalitoka vizuri.

Hawa alimgeukia binti yake akasema, "Unaona? Mwalimu hawezi kutupa fedha yake ovyo." Kisha akanieleza kuwa anataka kumuuza mtamba ili anunue mashine, aache kupanda shambani, akae nyumbani na kuku. Aliniomba ushauri. Nilimwambia, "Mtamba mwenye mimba ni mali, Dada Hawa. Fikiria kwanza." Hicho ndicho kitu pekee nilichosema cha kumzuia, na nilikisema kwa sauti ya mtu anayejadili bei. Aliniuliza kama mimi ningekuwa yeye ningefanyaje. Nikasema kila mtu anajua nyumba yake.

Alimuuza mtamba siku chache baadaye. Nilimwona akipita njiani na mnunuzi, mtamba akivutwa kwa kamba, Hawa akimfuata nyuma na majani mkononi ili atembee. Nilikuwa mlangoni pa darasa. Watoto walimpungia mkono. Mimi pia nilimpungia.

Mnamo tarehe 18 Julai, asubuhi, kwenye simu yangu uliingia ujumbe kwamba nimepokea shilingi elfu thelathini kutoka kwa namba ileile niliyokuwa nikiwasiliana nayo. Baada ya muda mfupi Edgar aliandika, "Asante mwalimu kwa kutuletea mteja. Endelea hivyohivyo, na fedha yako inakuja." Nilielewa hapo hapo kuwa Hawa ameshatuma, na kwamba ile elfu thelathini imetoka kwenye fedha yake.

Koplo ameniuliza fedha hiyo iko wapi. Niliitoa kwa wakala, nikanunua unga na sukari. Tumeshakula.

Koplo ameniuliza kwa nini sikwenda kumwambia Hawa siku hiyo, kabla hajatuma fedha nyingine. Nilikuwa nikimwona kila siku. Kila siku nilisema kesho.

Mnamo tarehe 25 Julai, siku ya gulio, Hawa aliambiwa mzigo wake umefika stendi ya Lushoto, ofisi ya vifurushi ya basi moja. Aliniomba nimsindikize, kwa sababu mimi ninajua mambo ya kusaini. Nilikubali. Nilijua kuwa hakuna mzigo, na niliingia naye garini.

Alikuwa amebeba kanga mbili za kufunikia mashine isilowe, maana kulikuwa na ukungu na manyunyu. Alikuwa ameshaongea na kijana wa pikipiki aje kumbebea. Kijana wa ofisi ya vifurushi, anaitwa Kristian, alitafuta jina la Hawa akasema halipo. Hawa akamwambia asubiri, huenda gari bado halijafika. Tukakaa kwenye ngazi za ofisi ile. Kila basi lililoingia Hawa alisimama. Nilimwambia akae, nitasimama mimi kwa ajili ya magoti yake. Hivyo nikawa nasimama mimi, naenda dirishani, namuuliza Kristian, narudi kumwambia bado. Tulikaa hivyo mpaka mchana. Hawa alininunulia mahindi ya kuchoma.

Aliniuliza, "Na wewe wako ulingoja hivihivi?"

Nikasema, "Wangu ulikuja na gari lingine."

Baadaye Edgar alimpigia Hawa. Nilimsikia, kwa sababu simu ya Hawa ni ndogo na sauti yake iko juu. Alisema mzigo uko Mombo, umezuiliwa, ulipiwe bima elfu arobaini. Ni maneno yaleyale waliyoniambia mimi. Hawa alianza kufungua fundo la kanga alilofungia fedha.

Nilimshika mkono nikasema, "Dada, usitume."

Akaniangalia. "Kwa nini? Wewe bima hukulipa?"

Nilitakiwa kusema hapo. Hapakuwa na mtu karibu. Nilisema, "Nililipa." Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli, alikwenda kwa wakala akatuma. Mimi nilibaki kwenye ngazi nikiwa nimemshikia kanga zake.

Mzigo haukuja siku hiyo wala siku nyingine. Hawa alipodai fedha yake, waliacha kupokea simu yake. Rehema aliandika malalamiko kwenye ukurasa wao, wakayafuta na kumzuia asiweze kuandika tena. Hawa hakunilaumu. Alisema bahati yake ni mbaya, maana mimi nilipata na yeye amekosa. Alikuja mara mbili kuniomba nimpigie Edgar, kwa kuwa mimi ni mteja wao mzuri. Nilipiga mbele yake. Namba ilikuwa haipatikani. Mara ya pili nilishukuru moyoni kwamba haipatikani.

Mnamo tarehe 14 Agosti Hawa alikuja hapa kituoni, yeye na magoti yake, akafungua malalamiko. Jioni alipita kwangu akiwa na uso mkunjufu. Alisema, "Nimewaambia kuwa wewe mashine unayo. Wakikuhoji watajua watu hao wanapatikana wapi, na watawakamata. Kumbe wewe ndiye dawa yangu." Kisha akaniambia nisiogope polisi, nimwone tu yule mama Koplo, ni mtu mwema.

Jana nilimpigia mume wangu Kwamkoro nikamweleza yote, kuanzia mabati. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kesho waambie vilevile ulivyoniambia mimi. Usipunguze." Akakata simu.

Leo asubuhi nimeshuka na Hawa kwenye gari moja. Amenilipia nauli. Nilikataa, akasema anayetoa ushahidi halipi, aliyeita ndiye anayelipa. Njiani alinieleza mambo ya karoti, kuwa mwaka huu zimekuwa nene. Nilidhani nitamwambia kabla ya kufika. Tulipofika, yeye alikaa kwenye benchi la nje na mimi nikaitwa ndani. Mpaka sasa ninapozungumza, bado yupo pale.

Koplo ameniuliza kama kuna watu wengine waliotuma fedha kwa sababu ya picha yangu. Sijui. Kuna mwanamke wa Mponde aliyenipigia mwezi wa saba akaniuliza kama duka ni la kweli. Nilimjibu ndiyo. Aliniambia, "Mungu akubariki." Jina lake sikuliuliza. Namba yake ipo kwenye simu niliyoikabidhi, na naomba apigiwe kabla hajatuma, au kama ameshatuma aje.

Nimeombwa pia niseme kuhusu Edgar. Sijawahi kumwona. Anaongea Kiswahili cha kawaida, sauti ya mtu wa miaka thelathini hivi. Namba tatu alizotumia nimezitaja na zimeandikwa pembeni. Sidhani kama Edgar ni jina lake. Mimi nilitumia jina langu.

Sikulipwa mshahara na watu hao, na sikukubaliana nao kugawana fedha. Nilitaka fedha yangu irudi. Lakini nilipoona elfu thelathini nilijua imetoka kwa nani, na niliila. Nikiambiwa nishtakiwe sitabisha. Ninachoomba ni kimoja: nisitanguliwe na mtu mwingine. Naomba niruhusiwe kutoka nimweleze Hawa mwenyewe, kabla hajasikia kwa askari au kwa Rehema.

Nimesema niliyoyatenda na niliyoyaona, bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Nimesomewa, na sina ninachotaka kipunguzwe.

Sahihi ya shahidi: Yudith Z. Shekiondo

MAELEZO YA ASKARI

Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea yote, naye akatia sahihi mbele yangu kila ukurasa. Nilimpa onyo kama ilivyoelezwa ndani. Simu moja imepokelewa kama kielelezo. Jalada linapelekwa kwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya kwa maelekezo kuhusu shahidi mwenyewe. Mwanamke wa Mponde amepigiwa; alishatuma fedha, na ameelekezwa kufika kituoni.

Shahidi aliruhusiwa kutoka nje na kuzungumza na mlalamikaji kwenye benchi, nikiwaona kupitia dirisha. Walizungumza kwa Kishambaa. Baada ya muda mlalamikaji aliingia peke yake na kuomba asomewe maelezo aliyoyatoa tarehe 14 Agosti. Nilimsomea. Nilipofika kwenye maneno "jirani yangu Mwalimu Yudith, ambaye namwamini kama mdogo wangu wa tumbo moja," alininyooshea mkono niache kusoma, akaniomba niyafute.

Nilimweleza kuwa maelezo yakishatiwa sahihi hayafutwi, ila anaweza kuandikisha maelezo ya nyongeza. Aliuliza kama ni lazima yawe leo. Nilimjibu kuwa si lazima. Alisema atarudi siku nyingine, akishajua aandike nini badala yake.

WP Koplo Scholastica
Polisi Lushoto
19 Agosti 2024